Uzi: Unataka kuwa msanifu wa mifumo? Anza na muamala uliokwama, vyeti vitafuata

FundiMitambo

Wakuu, salaam.

PM yangu imejaa swali moja: "Mkuu, mimi ni programa, nimeandika msimbo miaka kadhaa, sasa nataka niwe msanifu wa mifumo, nisome nini?" Halafu mtu anaambatanisha orodha yake: Kubernetes (ya kusimamia programu kwenye seva nyingi), Kafka (ya kupitisha ujumbe kati ya mifumo), cheti cha AWS (huduma za wingu za Amazon), na cheti kingine cha AWS. Kuliko nimjibu mmoja mmoja, naweka hapa wote mfaidike, na wenye ujuzi zaidi yangu wanisahihishe.

Msimamo wangu niuseme mapema ili anayetaka kubisha abishe vizuri. Msanifu anapimwa kwa maamuzi ambayo kuyageuza baadaye ni ghali, na mengi ya maamuzi hayo yanahusu siku mambo yanapoharibika. Mambo yakienda sawa, hata mchoro wa mtoto unafanya kazi. Kwa hiyo ujuzi wa msingi ni kuukalia mfumo na kuuliza kila hatua: hapa pakikwama nani atajua, pesa itakuwa wapi, na nani atasafisha?

Tuchukue kitu tunachokijua wote. Tiketi ya basi, Dar kwenda Mbeya, unanunua kwa simu. Abiria anachagua kiti C3. Seva yako inatuma ombi kwa kampuni ya simu. Kampuni ya simu inamfungulia abiria dirisha la PIN. Anaweka PIN, pesa inakatwa. Kampuni inaijulisha seva yako kwamba imelipwa. Seva inatoa tiketi. Ukiisoma hivyo ni kazi ya wikiendi moja.

Sasa abiria wetu yuko ndani ya daladala maeneo ya Ubungo na mtandao unasuasua. PIN ameweka, meseji ya kukatwa pesa ameipata, ila programu yako inamwambia "Imeshindikana, jaribu tena." Naye ni mtu mwema, anajaribu tena. Pesa imekatwa mara mbili, tiketi hana hata moja, na C3 kimeshaachiwa, karani wa stendi ya Magufuli kamuuzia mtu mwingine.

Wengi watalaumu mtandao. Mtandao kukatika ni hali ya kawaida ya dunia. Mwaka 1994 Peter Deutsch, akiwa Sun Microsystems, aliorodhesha dhana potofu za watu wanaojenga mifumo iliyotawanyika (ya kompyuta nyingi zinazoongea kwa mtandao), na ya kwanza ni kuamini kwamba mtandao unategemeka. Tatizo hapa ni kwamba seva ilitoa hukumu bila ushahidi. Ilichokuwa inajua ni kwamba imesubiri na jibu halijaja. Malipo kukataliwa ni habari nyingine kabisa. Kwa hiyo muamala unahitaji hali ya tatu mbali na IMELIPWA na IMEKATALIWA, nayo ni HAIJULIKANI. Ukiikubali hiyo hali ya tatu, mambo mengi yanajipanga yenyewe. Utaona kwamba namba ya kumbukumbu lazima uizalishe wewe na uihifadhi kabla ombi halijatoka, ili abiria akibonyeza tena, liende ombi lenye namba ileile na kampuni ya simu ilitambue kuwa ni la zamani. Utaona unahitaji kibarua cha pembeni kinachoamka kila baada ya muda na kuuliza, "Namba fulani iliishia wapi?" Utaona taarifa ya malipo inaweza kufika mara mbili, kwa hiyo hifadhidata yenyewe ikatae namba ya muamala kujirudia, usiiachie kazi hiyo `if` ya kwenye msimbo, maana taarifa mbili zikifika pamoja zote zitaipita hiyo `if`.

Kuna jingine limejificha humohumo. Nimekuta msimbo mwingi unaofungua muamala wa hifadhidata, unafunga rekodi ya kiti ili mwingine asiiguse, unatuma ombi la malipo, unasubiri jibu, ndipo unakamilisha. Piga hesabu. Miunganisho ya hifadhidata tuseme ni 20, na kila abiria anayesubiriwa anashikilia mmoja. Abiria anatumia sekunde 30 kutafuta miwani na kukumbuka PIN. Ishirini gawa kwa thelathini: mfumo mzima unahudumia chini ya mtu mmoja kwa sekunde, yaani watu 40 kwa dakika, hata kama seva umeinunua kwa bei ya Land Cruiser. Hesabu hiyo ina mwenyewe, John Little, aliyeithibitisha mwaka 1961: idadi ya walio ndani ni sawa na kasi ya wanaoingia mara muda anaokaa kila mmoja. Wiki ya kabla ya Krismasi, watu wa Moshi na Bukoba wakianza kugombea viti, watu 40 kwa dakika ni aibu. Na hakuna Kubernetes itakayokuokoa hapo. Ukiongeza seva za mbele unaongeza wasukumaji kwenye mlango uleule.

Nimeanza. Karibuni.

---

KambiPopote

Mkuu umeshusha gazeti. Naweka kambi hapa, chai na andazi pembeni.

---

Mbishi_wa_Tegeta

Kwa heshima zote mkuu, uliyoeleza ni kazi ya programa mzoefu. Hali za muamala, kufunga rekodi, hayo ni mambo ya ndani ya msimbo. Msanifu anachora picha kubwa, anachagua teknolojia, anawaachia vijana watekeleze. Akianza kuhangaika na miunganisho 20 ya hifadhidata, nani atafanya kazi yake?

---

FundiMitambo

Mbishi, karibu, nilikuwa nakusubiri.

Nani aliamua kwamba malipo yasubiriwe papo kwa papo na yasiwe ya kuwekwa kwenye foleni? Hilo ni la picha kubwa au la msimbo? Uamuzi huo unagusa ukurasa anaouona abiria, mkataba na kampuni ya simu, ripoti ya mhasibu na idadi ya seva. Kuugeuza baada ya mwaka ni kubomoa nusu ya mfumo. Sasa kama uamuzi mkubwa namna hiyo umefanywa na kijana wa mafunzo kwa vitendo saa nane usiku kwa sababu mchoro wa bosi ulikuwa na mshale mmoja umeandikwa "malipo", basi msanifu wa kweli wa mfumo huo ni yule kijana.

Kuhusu michoro sikatai, ni ujuzi wa lazima. Ila picha moja haiwezi kumhudumia kila mtu. Philippe Kruchten aliliandika hilo mwaka 1995: mfumo mmoja utazamwe kwa pande kadhaa, kwa sababu programa, mtu wa seva na mwenye biashara kila mmoja ana wasiwasi wake. Siku hizi wengi wanatumia C4 ya Simon Brown, ngazi nne: mfumo na jirani zake, kisha vipande vinavyoendeshwa kila kimoja peke yake, kisha vijenzi ndani ya kila kipande, kisha msimbo. Ngazi mbili za kwanza zinatosha kwa kazi nyingi za huku kwetu. Ninachosisitiza kwa vijana ni hiki: kila mshale uwe na maneno. Nani anamwita nani, kwa njia gani, na asipojibiwa anafanya nini. Mshale usio na maneno unaficha ugomvi.

---

Otieno_wa_Seva

Wadau wa Bongo hamjambo? Nasoma kutoka Nairobi, hii maneno ni tamu.

Naongezea umbali. M-Pesa ilianza hapa Machi 2007, na kwa miaka mingi mitambo yake ilikuwa inakaa ng'ambo, Ujerumani. Ilihamishiwa Kenya mwaka 2015. Vijana wa leo wanaweka seva Frankfurt kwa kubonyeza kitufe tu na hawafikirii tena. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Nairobi hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka, so kwenda na kurudi haiwezi shuka chini ya milisekunde 60 hata ukimwomba nani, na kebo zenyewe zinazunguka baharini, kwa hiyo hesabu 150 hivi.

Milisekunde 150 si kitu, mtu atasema. Sawa. Lakini programu ya simu iliyoandikwa vibaya inaita seva mara 40, moja baada ya nyingine, ndio ionyeshe ukurasa mmoja. Hiyo ni sekunde 6 za mtu kutazama kiduara kikizunguka. Ukiwa ofisini Westlands na seva ya majaribio iko chini ya meza, hutaona hilo tatizo kamwe.

Na ile 12 Mei 2024 mliisahau? Kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika siku moja, intaneti ikapiga magoti Afrika Mashariki, na nyinyi wa Tanzania mkaumia sana. Kuna mifumo ilizimika ilhali mteja, karani na benki wote wako mji mmoja, kwa sababu tu kitu cha kuhakikisha nywila kilikuwa ng'ambo. Mtu achukue mfumo wake leo aorodheshe kila kitu kinachopita baharini. Atashtuka.

---

FundiMitambo

Otieno, hiyo ya kebo niliisahau na ni mfano mzuri kuliko wangu. Karani wa stendi yuko hatua kumi kutoka kwenye basi na hawezi kukata tiketi kwa sababu ya kebo iliyokatika baharini. Hapo msanifu anapaswa kuwa ameshaamua mapema: karani akatishe kazi, au aendelee kukata tiketi kwenye kompyuta yake na mfumo usawazishe baadaye? Akiendelea, kuna hatari C3 kiuzwe mara mbili, stendi na mtandaoni. Akisimama, biashara imesimama. Eric Brewer aliliweka mezani jambo hili mwaka 2000, na mwaka 2002 Gilbert na Lynch wakalithibitisha kihesabu: mawasiliano yakikatika kati ya sehemu mbili za mfumo, utachagua ama kuendelea kuhudumia ama kuhakikisha pande zote zinaona jambo lilelile. Vyote viwili hupati.

Vijana wanakariri hilo kwa ajili ya usaili halafu wanaamua wao. Uamuzi huo si wa programa. Mwenye mabasi ndiye anajua kama kugombanisha abiria wawili kiti kimoja ni kubaya kuliko basi kuondoka nusu tupu. Wengine watakwambia "gawa tu: viti 10 vya nyuma ni vya stendi, vilivyobaki vya mtandao, kebo ikikatika kila mtu abaki na vyake." Nimesikia jibu kama hilo kwa mtu ambaye hajawahi kugusa kibodi, na ni usanifu safi kabisa.

---

DadaKanzidata

Uzi mtamu. Naongeza moja ambalo halijaguswa: mabadiliko ya nje.

David Parnas aliandika mwaka 1972 kwamba unapogawa programu vipande, usigawe kwa kufuata hatua za kazi. Angalia yale yanayoelekea kubadilika, kila moja ulifiche ndani ya kipande chake ili likibadilika wengine wasijue. Miaka zaidi ya hamsini sasa na bado watu hawafanyi.

Mfano wa hapa nyumbani: Novemba 2024 Tigo ikawa Yas, Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Mfumo ulioandikwa vizuri ulibadilisha jina na nembo sehemu moja, basi. Lakini kuna mifumo ambayo jina la kampuni ya simu limekuwa safu ya jedwali, jina la faili, sharti kwenye ripoti, na neno linalotafutwa ndani ya meseji ili kujua kama malipo yameingia! Humo jina likibadilika unapasua kila kitu.

Dawa yake haina maajabu. Ndani ya mfumo wako kuna "omba malipo", "uliza hali", "rudisha pesa". Kila kampuni ya simu inakuwa na mkalimani wake mlangoni, yeye ndiye anayejua majina, misimbo ya makosa na vituko vyao. Mfumo uliobaki hata usijue kampuni hizo zinaitwaje.

---

Mbishi_wa_Tegeta

Dada, hapo nimekuelewa. Ila sasa hayo si ndiyo huduma ndogondogo? Kila kampuni ya simu huduma yake, seva yake, hifadhidata yake. Mbona mkuu hapo juu hajazitaja hata mara moja?

---

Otieno_wa_Seva

Mbishi, kuficha jambo ndani ya kipande na kukipeleka kipande hicho kwenye seva yake ni vitu viwili. Folda yenye mpaka mzuri inatosha. Ukikata programu moja vipande kumi vinavyoongea kwa mtandao, kila mwito wa kawaida umekuwa ombi linaloweza kukwama, na yale maswali yote ya HAIJULIKANI yamejizidisha mara kumi.

Kuna kampuni moja niliwahi kuwa, jina niachie, tulikuwa timu ya watu wachache na huduma zilikuwa nyingi kuliko watu. Kubadilisha kitu kidogo kama jina la mteja kuonekana kwa herufi kubwa kwenye risiti, unapandisha matoleo ya huduma tatu kwa mpangilio maalum, na ukikosea mpangilio risiti zinatoka tupu. Mdosi alikuwa amesikia mkutanoni kwamba kampuni kubwa zinafanya hivyo. Zinafanya kwa sababu zina mamia ya timu na haziwezi kusubiriana. Melvin Conway alilisema mwaka 1968: shirika linalobuni mfumo hutoa mfumo wenye sura ya mawasiliano yake lenyewe. Sisi tulikaa meza moja, tukajenga mfumo wa watu wasiojuana.

---

KambiPopote

"Mfumo wa watu wasiojuana" 😂😂 Otieno umenimaliza. Andazi limeanguka.

---

MamaHesabu

Wadogo zangu, mimi si mtu wa kompyuta, ni mhasibu, nimeletwa kwenye uzi huu na mwanangu. Nimesoma hadi hapa na naomba niseme neno, kwa sababu ile HAIJULIKANI yenu mwisho wake inakuja mezani kwangu.

Kila asubuhi napokea faili mbili. Moja ya kampuni ya simu, inasema jana tumepokea kiasi fulani. Moja ya mfumo wetu, inasema jana tumeuza kiasi fulani. Hazilingani. Hazijawahi kulingana. Kazi yangu ni kutafuta tofauti iko wapi, na hapo ndipo ninapojua kama mfumo ulibuniwa na mtu aliyefikiri.

Moja, saa. Mtu analipa saa tano na dakika 59 usiku. Kwao imeingia tarehe 14, kwetu taarifa imefika sekunde chache baadaye, tarehe 15. Mfumo unahifadhi tarehe moja tu, ya kwetu. Kila siku nina muamala mmoja au miwili inayoning'inia, na mwisho wa mwezi inanivuruga ripoti nzima. Hifadhini tarehe zote mbili, ya kwao na ya kwenu!

Mbili, kufuta. Kijana wa mfumo akiona malipo mara mbili anafuta moja. Usifute. Kwenye vitabu vya hesabu hakuna kufuta, kuna kuandika ingizo la kurudisha. Mkaguzi akija anataka kuona pesa iliingia, kisha ikatoka, na nani aliidhinisha. Wenzetu wahasibu wamekuwa wakiandika kila ingizo pande mbili tangu karne na karne kabla ya kompyuta, na mimi sielewi kwa nini kila mfumo mpya unakuja na safu moja inaitwa "salio" inayofutwa na kuandikwa upya.

Tatu, katika kazi zangu zote sijawahi kuitwa kikao cha kubuni mfumo. Naitwa siku ya mafunzo ya kuutumia.

---

FundiMitambo

Mama, shikamoo. Hili ndilo bandiko bora la uzi huu na sisemi kwa kujipendekeza.

Vijana, rudieni kusoma ya pili. Alichokieleza mama ndicho watu wanalipia kozi za nje kujifunza: hifadhi matukio yaliyotokea, salio likokotolewe kutokana nayo. Ukiwa na orodha ya matukio isiyofutika unaweza kujenga upya salio lolote la siku yoyote. Ukiwa na salio tu, siku likikosea huna pa kuanzia. Na hapo hujalipa hata shilingi ya kozi, umekaa na mhasibu nusu saa.

---

DadaKanzidata

Marahaba kwa niaba ya Mama 😄 Na mimi kuanzia leo sifungui jedwali la malipo bila safu mbili za tarehe.

---

Mzee_wa_Tenda

Mnaongea vizuri ila mnaishi mbinguni. Mimi nafanya miradi ya tenda. Bosi anataka mfumo Ijumaa, hadidu za rejea zimeandikwa na mtu wa manunuzi: "Mfumo upatikane wakati wote, uwe wa haraka na salama." Hapo mhasibu utamwita saa ngapi?

---

FundiMitambo

Mzee wa Tenda, hiyo sentensi yenyewe ndiyo kazi. "Wakati wote" haijengeki, lakini namba inajengeka. Mrudishie bosi kwa namna hii: asilimia 99.9 ya mwaka maana yake mfumo unaruhusiwa kulala saa 8 na dakika 46 kwa mwaka mzima. Asilimia 99.99 ni dakika kama 53. Halafu mwambie tiketi haitoki mpaka kampuni ya simu, seva yetu na mtandao wa kituo cha data vyote vitatu viwe hai. Kila kimoja kikiwa na 99.9, kwa pamoja tunabaki na 99.7 hivi, na hiyo ni zaidi ya saa 26 kwa mwaka. Akitaka zaidi, hii hapa bei ya seva ya pili, bei ya laini ya pili, na mshahara wa mtu wa zamu ya usiku.

Bosi yeyote anaelewa bei. Nimeona mtu akishuka kutoka "wakati wote" hadi "saa kumi alfajiri hadi saa sita usiku, kasoro Desemba" ndani ya kikao kimoja baada ya kuoneshwa bei. Na hiyo "kasoro Desemba", yaani msimu ambao mfumo hauruhusiwi kulala, ni dhahabu, hutaipata kwenye hadidu za rejea.

"Haraka" nayo iulize hivyohivyo. Haraka kwa nani, ukurasa upi, watu wangapi kwa pamoja? "Salama" ina sheria kabisa: Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, Kenya wana yao ya 2019. Ukiwa unahifadhi majina, namba za simu na safari za watu, sheria hizo zinakugusa, na mahali taarifa zinapokaa si suala la bei ya seva peke yake. Mengine ya usalama yanahitaji uzi wake.

---

AskariWaWingu

Mimi napinga kidogo. Mnaponda vyeti, lakini cheti ndicho kilichonipa usaili. Bila kile, CV yangu ingeishia kwa mtu wa rasilimali watu. Na kusomea cheti kulinilazimisha nijue vitu ambavyo kazini nisingevigusa: mitandao, ruhusa, bekapu za mikoa miwili. Mwambieni kijana ukweli wote.

---

FundiMitambo

Askari, kweli kabisa. Kama mlangoni wanadai cheti, chukua cheti. Sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni yule anayemaliza cheti akaanza kuona kila tatizo linahitaji bidhaa iliyokuwa kwenye mtihani.

---

MwanafunziDodoma

Shikamooni wakubwa. Mimi niko mwaka wa tatu, sina kazi, sina kampuni, sina mhasibu. Nitajifunzaje haya kwa vitendo? Naomba msinijibu "jenga mradi", nimejenga duka la mtandaoni kama kila mtu.

---

FundiMitambo

Marahaba kijana. Hilo duka lako linatosha, ila badala ya kuliongezea vitu, anza kulivunja. Wakati malipo ya majaribio yanaendelea, ua mchakato wa seva katikati, uone agizo limebaki katika hali gani. Tuma taarifa ya malipo ileile mara mbili kwa wakati mmoja. Chelewesha kila ombi la mtandao kwa sekunde tano, Linux ina amri ya kufanya hivyo. Jaza diski. Kila ukivunja, andika ulitarajia nini na umeona nini. Pengo kati ya hayo mawili ndiyo masomo yako.

Pili, soma taarifa za ajali. Kuna mbili ambazo kila msanifu anapaswa kuzijua. Ya kwanza, roketi ya Ariane 5, 4 Juni 1996, iliyoharibika sekunde kama 37 tu baada ya kuanza safari. Kipande cha programu kilichukuliwa kutoka roketi ya awali, Ariane 4, ambako kilifanya kazi vizuri. Ariane 5 ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi, namba ya biti 64 ikashindwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16, kifaa cha kupima mwelekeo wa roketi kikazima. Kifaa cha akiba kilikuwepo, ila kiliendesha programu ileile, hivyo nacho kilikuwa kimezima kwa sababu ileile. Fikiria hilo kila unaposikia mtu anasema "tuna seva mbili, tuko salama." Na kazi iliyokuwa ikifanywa na kile kipande haikuwa na faida yoyote baada ya roketi kuruka.

Ya pili, Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani, 1 Agosti 2012. Toleo jipya lilipandishwa kwenye seva saba, ya nane ikasahaulika. Humo kulikuwa na msimbo wa zamani ambao haukufutwa, na toleo jipya lilitumia tena swichi iliyokuwa ya msimbo huo, hivyo swichi ilipowashwa ule wa zamani ukaamka. Dakika kama 45 za soko, zaidi ya dola milioni 440 zimekwenda. Jiulize: ni uamuzi gani wa usanifu ungezuia? Usiniambie "wangekuwa makini".

Tatu, andika maamuzi yako. Michael Nygard alipendekeza mwaka 2011 karatasi fupi kwa kila uamuzi: hali yake, muktadha, uamuzi, matokeo. Ukurasa mmoja. Andika moja kuhusu kiti C3, iweke hapa tuipasue.

---

MwanafunziDodoma

Nimerudi wakubwa. Hii hapa:

*Hali:* Inapendekezwa.
*Muktadha:* Abiria akichagua kiti, malipo yanaweza kuchelewa au taarifa isifike. Kiti kikiachiwa mapema kinauzwa mara mbili. Kikishikiliwa muda mrefu, abiria wengine wanaona basi limejaa wakati halijajaa.
*Uamuzi:* Kiti kitashikiliwa dakika 10 tangu ombi la malipo kutumwa. Baada ya hapo mfumo utauliza kampuni ya simu, na kama haijalipwa kiti kinaachiwa.
*Matokeo:* Kiti hakitauzwa mara mbili. Msimu wa sikukuu baadhi ya viti vitaonekana vimechukuliwa kwa muda.

---

DadaKanzidata

Kijana yuko vizuri. Nimependa umeandika na ubaya wa uamuzi wako, wengi wanaandika sifa tu.

---

FundiMitambo

Safi. Sasa nipasue.

Dakika 10 umezitoa wapi? Dirisha la PIN lina muda wake wa kuishi, ulioamuliwa na kampuni ya simu. Uliza ni muda gani, ndipo hesabu yako ianzie hapo. Na unasema baada ya dakika 10 utauliza kampuni ya simu: isipojibu? Umerudi kwenye HAIJULIKANI, na karatasi yako imenyamaza. Tena pesa ikiingia dakika ya 11, kiti kimeshauzwa, unafanya nini?

---

MwanafunziDodoma

Hilo la dakika ya 11 nimemuuliza mjomba, ni karani wa tiketi hapa stendi. Kasema: mpe kiti kingine basi hilohilo, kama limejaa mpe linalofuata, pesa usirudishe mpaka abiria mwenyewe aombe. La kampuni ya simu kutojibu nimeandika kiti kibaki kimeshikiliwa hadi saa mbili kabla ya basi kuondoka, halafu karani ndiye aamue.

---

FundiMitambo

Mjomba wako ni msanifu. Iandike hivyo hivyo, na uweke nani ameamua na tarehe. Ila kamuulize tena: hilo "linalofuata" ni la kampuni ileile? Kwa sababu kama ni la kampuni nyingine, pesa za abiria sasa zinadaiwa kati ya kampuni mbili, na hapo itabidi tumwite tena MamaHesabu.

---

MamaHesabu

Nipo. Na akishaamua, aniambie nani atalipa tozo ya kuhamisha.